Uchanganuzi wa maandishi katika wingu

Uchanganuzi wa maandishi katika wingu ni matumizi ya huduma za kompyuta zinazopatikana kupitia intaneti ili kusoma, kupanga, kufupisha, kutafsiri au kupima maandishi mengi kwa muda mfupi. Neno "wingu" hapa linamaanisha kompyuta zilizowekwa katika vituo vya data vya kampuni fulani na kukodishwa kwa watumiaji walio mbali. Mtumiaji hahitaji kununua wala kutunza kompyuta hizo: hutuma maandishi yake, huduma huyachakata, kisha humrudishia majibu.

Huduma hizi ni sehemu ya uchakataji wa lugha asilia, fani inayounganisha isimu, takwimu na sayansi ya kompyuta. Makazini hutumiwa na vituo vya huduma kwa wateja, benki, vyombo vya habari, mashirika ya misaada, watafiti, wanasheria na watafsiri. Huokoa muda mwingi, lakini huleta maswali mawili makubwa: kama majibu yake ni sahihi kwa lugha inayohusika, na ni nani anayeweza kuona maandishi yanayotumwa. Maswali hayo ni mazito zaidi kwa watumiaji wa Kiswahili, kwa sababu huduma nyingi zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya Kiingereza, na kompyuta zinazoziendesha kwa kawaida ziko nje ya Afrika Mashariki.

## Historia

### Mwanzo

Tarehe 7 Januari 1954 Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha mjini New York kompyuta iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa Kiingereza. Mfumo huo ulikuwa na msamiati wa maneno 250 na kanuni 6 tu za sarufi. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn wa IBM alieleza namna ya kutengeneza muhtasari kwa kompyuta: kuhesabu maneno yanayojirudia, kisha kuchagua sentensi zenye maneno hayo kwa wingi.

Matumaini ya miaka hiyo yalipungua mwaka 1966, wakati kamati ya wataalamu nchini Marekani iliyojulikana kwa kifupi kama ALPAC iliposema kwamba tafsiri ya mashine ilikuwa ya polepole, ya gharama kubwa na isiyo sahihi kuliko ya binadamu. Fedha za utafiti zikapunguzwa. Hata hivyo kazi iliendelea. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtafiti wa Cambridge nchini Uingereza, alionyesha kwamba neno linalopatikana katika hati chache lina uzito zaidi kuliko neno linalopatikana katika kila hati. Wazo hilo likawa msingi wa injini za utafutaji.

### Kuingia kwenye wingu

Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data na uwezo wa kompyuta kupitia intaneti. Kampuni nyingine zikafuata, na polepole zikaongeza huduma zilizo tayari kwa kazi maalumu, zikiwemo za lugha. IBM ilinunua kampuni ya AlchemyAPI mwaka 2015 na kutumia teknolojia yake katika huduma za Watson. Google ilitoa Cloud Natural Language mwaka 2016, na Amazon ikatangaza Amazon Comprehend mwezi Novemba 2017. Microsoft ina huduma za aina hiyo ndani ya wingu lake la Azure.

Katika miaka hiyohiyo mbinu zenyewe zilibadilika. Mwaka 2013 watafiti wa Google walitoa word2vec, mbinu ya kugeuza kila neno kuwa orodha ya namba ili maneno yenye maana za karibu yawe na namba za karibu. Mwaka 2017 ulitolewa muundo wa mtandao wa neva unaoitwa Transformer, na mwaka 2018 modeli ya BERT. Miundo hiyo iliwezesha modeli kubwa za lugha, ambazo zilijulikana kwa umma hasa baada ya ChatGPT kutolewa tarehe 30 Novemba 2022. Tangu hapo kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa na huduma maalumu zinaweza kufanywa pia kwa kuipa modeli kubwa maagizo ya kawaida.

### Kiswahili

Kiswahili kilianza kufanyiwa kazi na kompyuta mapema kuliko lugha nyingi za Afrika. Mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alianza kutengeneza mfumo wa SALAMA unaochanganua maneno ya Kiswahili kwa kanuni za sarufi. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri mwaka 2009, na Microsoft ikafanya hivyo mwaka 2015 kwa kushirikiana na shirika la Translators without Borders.

Baadaye watafiti wa Kiafrika walijipanga wenyewe kupitia jumuiya ya Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya "tujenge pamoja". Mwaka 2021 walichapisha MasakhaNER, mkusanyo wa habari za magazeti katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ambamo majina ya watu, mahali na taasisi yamewekewa alama kwa mkono. Mwaka 2023 ulifuata mkusanyo wa AfriSenti, wenye jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika, zilizopangwa kama ni chanya, hasi au za kati. Mikusanyo kama hiyo ndiyo inayotumika kufundisha modeli na kupima ubora wake.

## Jinsi huduma inavyofanya kazi

Programu ya ofisini, kwa mfano ile inayopokea barua pepe za wateja, huunganishwa na huduma kupitia kiolesura cha programu, ambacho mafundi hukiita API. Kazi hufuata hatua hizi:

1. Programu hutuma maandishi pamoja na ufunguo wa siri unaoonyesha ni akaunti gani itakayolipia.
2. Huduma hutambua lugha, isipokuwa kama mtumaji ameitaja.
3. Maandishi hukatwa vipande: sentensi, maneno, au sehemu za maneno.
4. Vipande hugeuzwa kuwa namba na kupitishwa katika modeli iliyofundishwa kwa mifano mingi.
5. Majibu hurudishwa pamoja na alama ya uhakika, kwa kawaida kati ya 0 na 1.
6. Programu ya ofisini huamua la kufanya: kupeleka ujumbe kwa idara fulani, kuhifadhi majibu kwenye jedwali, au kumwita mfanyakazi autazame.

Alama ya uhakika mara nyingi hueleweka vibaya. Alama ya 0.95 inaonyesha jinsi modeli inavyoegemea jibu hilo kulingana na mifano iliyofundishwa. Haithibitishi kwamba jibu ni sahihi. Modeli iliyofundishwa kwa Kiingereza inaweza kutoa alama ya juu kwa jibu lisilo sahihi la sentensi ya Kiswahili.

## Aina za kazi

- Utambuzi wa lugha: kujua maandishi ni ya lugha gani.
- Upimaji wa hisia: kukadiria kama maandishi ni chanya, hasi, mchanganyiko au hayaegemei upande. Google Cloud Natural Language hutoa namba kati ya -1.0 na 1.0, pamoja na namba ya pili inayoonyesha nguvu ya hisia zote katika maandishi.
- Utambuzi wa majina: kutafuta majina ya watu, mahali, taasisi, tarehe na kiasi cha fedha.
- Upangaji wa makundi: kuweka kila hati katika kundi lake, kwa mfano malalamiko, maswali, pongezi au maombi ya kazi.
- Uchaguzi wa maneno makuu: kutoa maneno yanayobeba mada.
- Ufupishaji: kupunguza hati ndefu kuwa aya chache.
- Tafsiri: kugeuza maandishi kutoka lugha moja hadi nyingine.
- Ufichaji wa taarifa binafsi: kutafuta namba za simu, akaunti na vitambulisho ili vifutwe kabla hati haijasambazwa.

Si kila kazi inapatikana kwa kila lugha. Huduma inaweza kutambua kwamba maandishi ni ya Kiswahili na hata kuyatafsiri, lakini isiwe na uwezo wa kupima hisia za Kiswahili moja kwa moja. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi hutafsiri kwanza kwenda Kiingereza ndipo zipime. Njia hiyo huongeza hatua moja, na kosa la tafsiri huingia katika majibu ya mwisho bila kuonekana.

## Matumizi kazini

Matumizi ya kawaida kabisa ni kupanga jumbe za wateja. Kampuni inayopokea maelfu ya jumbe kwa siku haiwezi kuzisoma zote kwa mpangilio wa kufika. Huduma huzitenga ili zile za dharura zisomwe kwanza.

Mfano wa Afrika Mashariki ni U-Report, mradi ulioanzishwa na UNICEF nchini Uganda mwaka 2011. Vijana walitumiwa maswali kwa ujumbe mfupi wa simu, nao waliweza kujibu au kuandika tatizo lolote la jamii yao bila malipo. Jumbe zikawa nyingi mno kwa wafanyakazi waliopo. Watafiti wa IBM walishirikiana na UNICEF kutengeneza mfumo wa kuzipanga kwa mada, kama afya, maji, elimu au dharura, na kuzipeleka kwa wahusika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Matumizi mengine ni haya:

- Utafiti: kupanga majibu ya maswali ya wazi katika dodoso, ambapo mhojiwa hujieleza kwa maneno yake.
- Vyombo vya habari: kutafuta habari za zamani katika maktaba, na kuandaa rasimu za tafsiri ambazo mhariri huzipitia.
- Sheria na manunuzi: kutafuta vifungu vinavyofanana katika mikataba mingi.
- Benki na simu: kutambua mapema malalamiko ya utapeli.
- Ajira: kuchuja barua za maombi. Matumizi haya yamekosolewa zaidi, kwa kuwa kosa la mashine linaweza kumnyima mtu kazi bila yeye kujua sababu.

## Mfano wa ujumbe mmoja

Ujumbe ufuatao umetungwa ili kuonyesha yanayotakiwa kutambuliwa na huduma:

> habari nimelipia umeme wa 20,000 tangu saa mbili asubuhi tokeni haijaja mpaka sasa naombeni msaada neema wa mbagala

Msomaji wa Dar es Salaam anaelewa mara moja: mteja anaitwa Neema, anaishi Mbagala, amelipa shilingi 20,000 tangu saa mbili asubuhi, na anasubiri. Mashine ina vikwazo kadhaa. Hakuna herufi kubwa wala alama za uandishi, kwa hiyo "neema" inaweza kuchukuliwa kuwa nomino ya kawaida. "Saa mbili asubuhi" ikigeuzwa bila kuzingatia hesabu ya saa ya Waswahili huandikwa 02:00 badala ya 08:00, na hivyo kumbukumbu itaonyesha kwamba mteja alilipa saa sita kabla ya wakati halisi. Namba 20,000 haina jina la fedha. Mwisho, ujumbe una adabu: unaanza kwa salamu na kumalizika kwa "naombeni msaada". Kipimo cha hisia kinaweza kuuweka kati ya jumbe zisizoegemea upande, ingawa ni malalamiko yanayohitaji kushughulikiwa haraka.

## Ugumu wa Kiswahili kwa mashine

### Maumbo ya maneno

Neno moja la Kiswahili huweza kubeba sentensi nzima. Katika "hawajanirudishia", *ha-* inakanusha, *-wa-* inataja watenda, *-ja-* inaonyesha jambo halijatimia, *-ni-* inamtaja anayehusika, na *-rudishia* ni kitendo chenyewe. Mfumo unaohesabu maneno kama yalivyo huyaona "wamenirudishia" na "hawajanirudishia" kama maneno mawili tofauti yasiyo na uhusiano, ilhali tofauti yao ndiyo inayotenganisha pongezi na malalamiko. Modeli za kisasa hukata neno katika sehemu ndogo, lakini sehemu hizo huchaguliwa kwa takwimu na si lazima zilingane na viambishi.

### Maneno yenye maana nyingi

"Kaa" ni kitendo, mnyama wa baharini na kipande cha makaa. "Kupanda" ni kwenda juu, kuweka mbegu ardhini au, kwa bei, kuongezeka. Maneno kama Neema, Baraka, Imani, Rehema na Zawadi ni majina ya watu na pia ni maneno ya kila siku. "Nilifika saa nne" hutaja wakati, lakini "nilisubiri saa nne" hutaja muda.

### Namna ya kusema

Jibu "bado" kwa swali "Pesa imefika?" ni kukana, ingawa halina kikanushi. "Si mbaya" ni sifa ya kiasi. Katika mazungumzo ya vijana "hatari" na "noma" huweza kuwa sifa. Kejeli kama "hongereni kwa kutukatia maji siku ya sikukuu" hupimwa kwa urahisi kuwa chanya kwa sababu ya neno la kwanza.

### Jinsia

Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye" wala katika viambishi vya kitendo. Kiingereza hutofautisha, kwa hiyo mashine inayotafsiri hulazimika kuchagua. Mara nyingi imeonekana ikimfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, kwa kufuata mazoea ya maandishi iliyofundishwa. Katika ripoti ya kazi au barua ya utambulisho, kosa hilo huenda likabaki bila kusahihishwa.

### Kuchanganya lugha

Ujumbe wa Nairobi unaweza kuchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja, na ule wa Lubumbashi au Goma unaweza kuwa na Kifaransa ndani yake. Huduma nyingi huchagua lugha moja kwa ujumbe wote. Vifupisho vya simu, kama "xaxa" kwa "sasa", huongeza ugumu.

## Kupima usahihi

Namba moja ya usahihi wa jumla haitoshi kuamua kama huduma inafaa. Tuseme kampuni ina jumbe 1,000, na kati yake 50 ni za wateja waliotapeliwa. Huduma inazitaja jumbe 60 kuwa za utapeli. Kati ya hizo 40 ni kweli na 20 si kweli. Hivyo:

| Kipimo | Hesabu | Matokeo |
|---|---|---|
| Usahihi wa jumla | majibu sahihi 970 kati ya 1,000 | 97% |
| Ukweli wa zilizotajwa | 40 kati ya 60 | 67% |
| Ukamilifu | 40 kati ya 50 | 80% |

Usahihi wa 97% unapendeza, lakini watu 10 waliotapeliwa hawakuonekana, yaani mmoja kati ya kila watano. Zaidi ya hayo, huduma isiyotaja ujumbe wowote ingepata 95% bila kumsaidia mtu. Kwa hiyo kipimo cha kuzingatiwa hutegemea madhara ya kosa. Pale ambapo kukosa ujumbe mmoja ni hatari, ukamilifu hupewa kipaumbele, hata kama wafanyakazi watasoma jumbe za ziada.

Njia ya kawaida ya kupima ni kuchukua jumbe halisi mia kadhaa za ofisi yenyewe, kuwapa wasomaji wawili wanaojua lugha wazipange kila mmoja peke yake, kisha kulinganisha kazi yao na ya mashine. Pale ambapo wasomaji wenyewe hawakubaliani, makundi yanahitaji kuelezwa upya kabla ya kuilaumu mashine. Jumbe za kipimo zinatakiwa kutoka sehemu mbalimbali, kwa kuwa huduma inayofanya vizuri kwa lugha ya magazeti inaweza kushindwa kwa lugha ya simu.

## Faragha na sheria

Kutuma maandishi kwenye wingu ni kuyakabidhi kwa kampuni nyingine. Barua ya mteja inaweza kuwa na jina, namba ya simu, ugonjwa au deni lake. Mfanyakazi anayenakili hati kwenye tovuti ya bure ili kuitafsiri anaweza kuwa ametoa siri ya ofisi bila kukusudia.

Mwezi Septemba 2017 shirika la utangazaji la Norwei, NRK, liliripoti kwamba hati za wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Statoil, zilizotafsiriwa kwenye tovuti ya bure, zilipatikana kwa kutafuta katika injini za kawaida za utafutaji. Kati yake zilikuwemo barua za kuachishwa kazi, mikataba na maneno ya siri. Mwaka 2023 kampuni ya Samsung ya Korea Kusini ilizuia wafanyakazi wake kutumia huduma kama ChatGPT, baada ya baadhi yao kuingiza humo msimbo wa programu za kampuni.

Kuna tofauti kati ya huduma za bure kwa umma na zile zinazolipiwa kwa mkataba. Mkataba hueleza kama maandishi yatahifadhiwa, kwa muda gani, katika nchi gani, na kama yatatumika kufundisha modeli. Baadhi ya huduma huruhusu matumizi hayo hadi mteja aombe kuondolewa.

Nchi kadhaa zina sheria zinazogusa jambo hili:

- Umoja wa Ulaya: kanuni ya jumla ya ulinzi wa data ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018.
- Kenya: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kutotegemezwa kwenye uamuzi uliofanywa na mashine peke yake pale unapomwathiri kwa kiasi kikubwa, isipokuwa katika hali zilizotajwa.
- Uganda: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019.
- Rwanda: sheria ya mwaka 2021 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha.
- Tanzania: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sheria za Afrika Mashariki zina masharti kuhusu kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Hilo ni muhimu kwa sababu vituo vikubwa vya wingu barani viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Aidha, si kila huduma ya lugha hutolewa katika kila kituo. Ombi lililotumwa kutoka Arusha linaweza kuchakatwa Ulaya au Marekani.

Njia moja ya kupunguza hatari ni kuondoa majina na namba kabla ya kutuma. Njia hiyo ina mpaka: programu ya kuondoa majina nayo ni mashine, na inaweza kuliacha jina kama Neema ikidhani ni neno la kawaida.

## Gharama na upatikanaji

Malipo hutegemea wingi wa maandishi. Huduma nyingi huhesabu kwa vipande vya herufi 1,000, na kipande kisichojaa hulipiwa chote. Amazon Comprehend huhesabu kwa vipande vya herufi 100, na kwa kazi kama upimaji wa hisia kila ombi hulipiwa angalau vipande 3. Kwa hiyo jumbe fupi 10,000 zenye herufi 120 kila moja, ambazo kwa jumla ni vipande 12,000, hulipiwa kama vipande 30,000. Modeli kubwa za lugha huhesabu kwa sehemu za maneno. Kwa kuwa nyingi zilipangwa kwa kufuata Kiingereza, maneno ya Kiswahili hukatwa katika sehemu nyingi zaidi, na ujumbe wenye maana ileile hugharimu zaidi.

Huduma pia hutegemea mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu za nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivuruga intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwemo Tanzania na Kenya. Ofisi iliyoacha kabisa kupanga jumbe kwa mkono husimama siku kama hiyo.

## Njia mbadala

Programu huria huweza kuendeshwa kwenye kompyuta za ofisi yenyewe, bila maandishi kutoka nje. NLTK, iliyoanzishwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hutumika sana kufundishia. spaCy, iliyotolewa mwaka 2015, imelenga kazi za viwandani. Modeli ya BERT ya lugha nyingi ilifundishwa kwa Wikipedia za lugha 104, Kiswahili kikiwemo, na Meta ilitoa mwaka 2022 modeli ya tafsiri ya NLLB-200 inayoshughulikia lugha 200. Njia hii huhitaji mtaalamu na kompyuta yenye nguvu, lakini ofisi hubaki na mamlaka juu ya hati zake na inaweza kuifundisha modeli kwa mifano ya lugha ya wateja wake.

## Ukosoaji

Wakosoaji husema kwamba upimaji wa hisia hugeuza maneno ya watu kuwa namba na kuwapa viongozi imani kwamba wamewasikiliza wateja au wafanyakazi, hali hakuna aliyesoma walichoandika. Wengine hueleza kwamba lugha isiyoshughulikiwa vizuri hufanya wasemaji wake wasihesabiwe: lalamiko la Kiingereza hutambuliwa na kupelekwa mbele, na lile la Kiswahili au Kisukuma huangukia kundi la "mengineyo". Watetezi hujibu kwamba bila mashine jumbe nyingi zisingesomwa kabisa.

Katika mashirika mengi mgawanyo wa kazi umekuwa huu: mashine hupanga foleni na kuandaa rasimu, na binadamu anayejua lugha huamua kuhusu ajira, matibabu, mikopo na adhabu. Kundi la "mengineyo" pia hutakiwa kusomwa na mtu mara kwa mara, kwa kuwa humo ndimo makosa ya mashine yanamojificha.

## Tazama pia

- Uchakataji wa lugha asilia
- Tafsiri ya mashine
- Akili bandia
- Ulinzi wa taarifa binafsi
- Sarufi ya Kiswahili
- Sheng